Ng'ambo ya Chania

Mto Chania unaopita Thika huchimbuka katika msitu wa milima ya Nyandarua, hushuka kuelekea kusini-mashariki kati ya migongo ya Gatanga na Gatundu, kisha hufika mjini Thika na kujimwaga katika mto wenye jina la mji huo. Usichanganywe na Chania wa Nyeri, ambao pia hutoka Nyandarua lakini una njia yake na watu wake. Kwa Wakikuyu wa zamani Chania huu wa kusini ulikuwa mpaka. Upande wa kaskazini uliitwa Metumi, ndiyo Murang'a ya leo. Upande wa kusini uliitwa Kabete, ndiyo Kiambu. Mtu aliyeuvuka akatafuta shamba upande wa pili alihesabiwa kuwa amehama, hata kama kila asubuhi aliuona moshi wa jiko la mamake kutoka huko alikohamia.

Ukoo wa marehemu aliyekuwa sababu ya safari hii uliuvuka mto huo mara tatu, na mara mojawapo ulivushwa kwa lori. Marehemu alikuwa binamu wa mwandishi kwa upande wa mama, mama zao wakiwa ndugu wa tumbo moja, na tangu utotoni wawili hao walikuwa marafiki wa kushiriki baiskeli moja na viboko vilivyotokana nayo. Upande wa mama, basi, ulijulikana vizuri. Upande wa baba ndio uliokuwa na pengo. Siku ya mazishi waombolezaji waligawiwa kijitabu cha kurasa nane za karatasi ya kung'aa, picha yake ikiwa jaladani, amevaa tai ya kuazima. Ukurasa wa tatu ulitaja kwa majina wazazi wake, babu na nyanya, ndugu, mjane, watoto na wajukuu, kama desturi inavyotaka. Baada ya babu orodha ilikatika, ikafuatwa na sentensi moja tu ya Kikuyu iliyosema kwamba asili ya familia ni ng'ambo ya Chania.

Haikusema ng'ambo ipi. Neno hilo humtegemea anayelisema na mahali aliposimama. Shangazi wa marehemu aliyeiandika sentensi hiyo aliisikia kwa babake akiwa mtoto, na hakumbuki kama siku hiyo walikuwa bado Gatanga au walikuwa wamekwisha kurudi Ruiru. Swali hilo ndilo lililomtoa mwandishi nyumbani kwa siku nne, akifuatana na mwana wa kwanza wa marehemu, kijitabu kikiwa mfukoni. Jina la marehemu halitatajwa hapa. Limekwisha kurithiwa na mjukuu wa miaka minne, naye ana haki ya kulitumia atakavyo.

Siku ya kwanza: Ruiru

Katika sensa ya 2019 mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika uliokuwa na 251,407, ingawa Thika ndio ulioimbwa na kusifiwa. Wenye umri wa kukumbuka wanaikumbuka Ruiru nyingine: stesheni ya reli, soko, mto, na kahawa kila upande mpaka macho yachoke. Reli ya kutoka Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 1913, ilipita hapa kwa ajili ya mashamba ya walowezi, na mashamba hayo yalitaka mikono. Wenye mikono waliwekwa kwenye laini.

Laini ni safu ya vyumba vya wafanyakazi wa shamba, vimeshikana mgongo kwa mgongo, kila kimoja na mlango mmoja na dirisha la kutosha paka kupita. Laini aliyozaliwa marehemu bado imesimama: vyumba kumi na viwili vya mawe, mabati yameota kutu mpaka yamefanana na udongo wa hapo. Nyuma yake, palipokuwa na mibuni, pana majumba ya ghorofa. Sehemu kubwa ya mashamba ya zamani imeuzwa. Hata mji mpya wa Tatu City umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Kati ya ghorofa mbili imesalia mistari sita ya mibuni isiyopogolewa. Imerefuka mpaka haifai kuchumwa bila ngazi, na wapangaji huanikia nguo humo.

Mama mmoja mstaafu wa uchumaji, ambaye laini nzima humwita Shosho, bado analo debe lake. Ni bati la lita ishirini lililokatwa mdomo na kutiwa mpini wa waya mnene, na ndani yake, vidole vitatu chini ya ukingo, pana mstari uliokwaruzwa kwa msumari. Aliukwaruza mwenyewe. Huo mstari, alieleza, ndio uliokuwa kipimo. Lakini nyapara alitaka debe lijae mpaka lifanye kichuguu, na kichuguu hakikulipwa. Alionyesha kwa viganja jinsi matunda mekundu yalivyorundikwa mpaka yakateleza pembeni, na jinsi watoto walivyoyaokota yaliyoanguka ili kuanzia debe linalofuata. Marehemu alikuwa mmoja wa watoto hao. Wakati wa likizo za Desemba, msimu mkuu ukiwa umepamba moto, mwandishi naye alikuwa mmoja wao, na bado anaujua utomvu ule wa tunda la kahawa unaokauka vidoleni na kuvifanya vigande kama vimepakwa gundi.

Kahawa iliingia Kenya kwa mikono ya wamishonari Wafaransa waliopanda miche huko Bura, Taita, mwaka 1893, kisha ikafika viunga vya Nairobi na kuenea kwa walowezi wa Kiambu. Mwafrika wa wilaya hizi aliruhusiwa kuichuma tu. Kuipanda kwake mwenyewe kulizuiliwa hadi miaka ya 1950, na sera ya kulegeza zuio hilo ilishika kasi kwa Mpango wa Swynnerton wa 1954. Babu wa marehemu alichuma kahawa kwa karibu miaka thelathini, akafa bila kuwa na mbuni hata mmoja. Ruiru yenyewe imeweka jina lake katika zao hilo kwa njia nyingine: kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo hapa kilitoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, ambayo huhimili chulebuni na kutu ya majani. Chulebuni ni ugonjwa uliogunduliwa Kenya mwaka 1922, nao huliozesha tunda likiwa bado bichi mtini. Mbegu za Ruiru 11 hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua baada ya ua, ndiyo sababu miche yake ilikuwa adimu kwa miaka mingi.

Jioni Ruiru huwa mji wa moshi. Pembeni mwa barabara hukaangwa na kuchomwa kila kinachochomeka, lakini mfalme wa saa hiyo ni mutura: utumbo uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu na pilipili, ukachemshwa kwanza, kisha ukaviringwa juu ya makaa. Hukatwa vipande juu ya ubao wenye historia ndefu na kuliwa kwa kachumbari, mlaji akiwa wima. Marehemu alishikilia kwamba mutura ukiliwa umeketi hupoteza ladha. Mwanawe alikula wima.

Siku ya pili: Thika

Kabla jina la Thika halijakomaa, walowezi walipaita mahali hapa, kwa lugha yao, Daraja la Chania. Mji ulizaliwa kando ya kivuko, na hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa hapo mwaka 1908, ikiwalaza wawindaji na watafuta mashamba waliokuwa wakielekea Nyeri na Fort Hall. Uzuri wa hoteli hiyo ni wa jiografia kuliko wa ujenzi: imekaa kwenye ulimi wa ardhi kati ya mito miwili, hivi kwamba mtu akitembea bustanini huona maporomoko ya Chania upande mmoja na ya Thika upande wa pili, na mngurumo wa moja haumalizi mngurumo wa lingine. Chini kidogo maji hayo hukutana. Jumamosi ngazi za mawe huwa zimejaa maarusi wanaopigwa picha, mashela yakiloa nyunyu.

Jina la mji lilisafiri duniani kwa sababu ya kitabu. Elspeth Huxley, aliyeletwa hapa na wazazi wake akiwa mtoto kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha The Flame Trees of Thika mwaka 1959, na mwaka 1981 kikageuzwa tamthilia ya televisheni. Ni kitabu chenye jicho kali kwa udongo, wanyama na mvua, na haki hiyo kipewe. Lakini msomaji aliyezaliwa laini hukisoma akiwatafuta waliochimba mashimo ya miche, na huwapata kwa nadra.

Marehemu alifika Thika akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo, akajifunza kutengeneza mashine za kufuma. Alipanga chumba Makongeni. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika, viwanda vingi vya nguo nchini vilidhoofika au kufunga milango, na chake hakikusalimika. Alirudi Ruiru na sanduku la spana na sikio moja lililoharibiwa na kelele za mashine. Alipokuwa Thika alikuwa na mazoea ya Jumapili ambayo jamaa wote wanayajua: akitembelewa na mgeni humpeleka maporomokoni, na humtaka autazame Chania kwanza. "Huu ndio wetu," alikuwa akisema. Akiulizwa kwa nini ni wao, alicheka tu, kwa kuwa hakuwa na jibu.

Mjini kuna Bustani ya Mugumo. Mugumo ni mtini mkubwa ambao chini yake Wakikuyu walitolea sadaka, na haukukatwa ovyo. Inasimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiro, yule aliyesemekana kuona kabla ya wakati ujio wa wageni wenye ngozi kama ya kichura na nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka baharini, alitabiri kuwa mugumo wa Thika ungeanguka siku utawala wa wageni utakapokoma. Simulizi huendelea kuwa wakoloni, wasioamini lakini wasiotaka kubahatisha, waliuzungushia mti huo pete ya chuma ya kuushikilia usianguke, na kwamba radi iliupasua mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Mzee wa kupiga picha anayekaa langoni huisimulia hadithi hiyo yote kwa dakika nne na hubadilisha unene wa chuma kulingana na msikilizaji.

Karibu na Blue Posts ndipo pia mwimbaji John De'Mathew alipofariki kwa ajali ya gari usiku wa tarehe 18 Agosti 2019. Alizikwa nyumbani kwao Mukurwe, Gatanga, na msafara wa mazishi yake uliopanda mgongo ule bado hutumiwa na watu wa huku kama kipimo cha umati. Mazishi ya marehemu, kwa mujibu wa dereva mmoja wa matatu mwenye roho nzuri, yalikuwa "robo ya De'Mathew". Haikuwa kweli, lakini mwanawe alimshukuru.

Siku ya tatu: Mang'u na Kamwangi

Kutoka Thika kuelekea magharibi ardhi hupanda na kujikunja. Barabara hufuata mgongo, haiukatizi. Kila mgongo una barabara yake, shule zake, soko lake, na majirani wa mgongo wa pili huonekana waziwazi wakianika nguo lakini hufikiwa kwa kushuka bondeni kwa miguu, kuvuka kijito kwa gogo na kupanda tena. Ndivyo mito ilivyowapanga watu. Udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha hushika kiatu kama mdai. Mang'u hupitwa upesi: misheni ya Kikatoliki, na kumbukumbu ya shule iliyohamia hapo kutoka Kabaa mwaka 1940, ikamsomesha Mwai Kibaki miongoni mwa wengi, kisha ikahamia karibu na Thika ikabaki na jina. Baada ya Kamwangi kahawa hupungua na majani chai huanza, kijani kibichi kilichonyolewa sawasawa mpaka ukingo wa msitu.

Upande huu wa mto ndiko baba wa babu alikofika kwanza. Kuelewa alifika kama nani kunahitaji maneno mawili ya sheria ya ardhi ya Wakikuyu. Mbari ni watu wa ukoo mmoja wanaotoka kwa mzee mmoja, na githaka ni ardhi ya mbari hiyo. Sehemu kubwa ya githaka za kusini mwa Chania zilipatikana kutoka kwa Athi, wawindaji na warina asali wa msituni, kwa mbuzi wengi na kwa kiapo cha kufanyana ndugu, maana ardhi haikuuzwa kwa mtu baki. Asiyekuwa na githaka aliweza kuomba kulima kwa mwenye nayo. Huyo aliitwa muhoi. Hakulipa kodi, alileta pombe ya malimbuko, alisaidia kujenga nyumba na zizi, na alikaa maadamu urafiki unakaa. Ardhi ilipopanda thamani chini ya ukoloni, urafiki ulianza kuhesabiwa ekari, na katika miaka ya 1930 ahoi wengi walitakiwa waondoke. Babu wa marehemu, aliyezaliwa kwenye shamba hilo la kuombwa, aliondoka hapo akiwa kijana, akashuka Ruiru, akaingia laini.

Bibi kizee wa mbari iliyompokea muhoi yule yupo hai. Aliwapokea wageni kwa mukimo uliopondwa kwa majani ya malenge na mahindi meupe makubwa, na kwa uji wa kuchachuka uliotoka kwenye kibuyu, mkali wa kuamsha usingizi. Hakuulizwa kitu mpaka sahani zilipoondolewa. Hivyo ndivyo inavyofaa. Kisha yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Alitaka kujua jina la mwana wa marehemu. Alipoambiwa alitulia, akalirudia taratibu, akasema jina hilo liliwahi kuitwa kwenye ua huu, zamani, yeye akiwa binti mdogo wa kuchunga mbuzi. Zaidi ya hapo hakumbuki. Lakini kuhusu muhoi mwenyewe hakuwa na shaka.

"Huyo alikuwa mtu wa ng'ambo," alisema, akanyoosha mkono kaskazini, juu ya bonde la Chania, kuelekea Gatanga.

Bonde hilo lina kazi nyingine isiyoonekana kutoka ukumbini kwake. Nairobi hunywa kutoka hapa. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika huko Gatanga, hukusanya mita za ujazo milioni 70, na maji yake hupitishwa kwa mahandaki chini ya migongo hadi Chania, kisha husafishwa Ng'ethu, Gatundu Kaskazini. Kwa hiyo mito miwili inayosifiwa kwa kukutana chini ya Blue Posts hukutana kwanza huku juu, gizani, ndani ya mwamba, na wapiga picha hawana habari. Mwaka 2022 likaongezwa bwawa la Karimenu, kwenye mto unaoingia Chania, kwa ajili ya Ruiru na Juja. Mji aliofia marehemu siku hizi hutiliwa maji kutoka kwenye migongo aliyofukuzwa babu yake. Yeye alilalamikia tu mgao wa siku mbili kwa juma.

Siku ya nne: Gatanga

Chania huvukwa hapa kwa daraja la miguu la mbao na nyaya. Maji ni baridi ya kuuma kifundo, meusi penye kina na meupe penye mawe, na kingo zake zimeota miti ya muringa na mianzi. Kupanda upande wa pili ni nusu saa ya kuhema kati ya parachichi, ndizi na mukima, mti wa kigeni uliozoeleka mpaka ukapewa jina la Kikuyu.

Aliyezaliwa kwenye mteremko huu mwaka 1930 hakuhama hata hatua moja, lakini amekaa wilaya ya Fort Hall, iliyoitwa kwa jina la ofisa Mwingereza, kisha Murang'a, kisha Thika, wilaya ilipoundwa mwaka 1994, na sasa kaunti ya Murang'a. Karatasi ndizo zilizovuka mto. Na ni karatasi iliyomvusha babu wa marehemu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1920 kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, cheti kilichotiwa ndani ya kibati na kuning'inizwa shingoni, kikionyesha alikotoka. Alikotoka kwa mujibu wa serikali palikuwa kwao babake: Fort Hall. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na Wakikuyu wengi wakaondolewa mashambani, kipande kilisomwa, naye akapandishwa lori yeye, mke na watoto, akashushwa Gatanga, mahali asipopata kuishi hata siku moja.

Mwaka 1954 wakazi wa mgongo huo, kama zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu na majirani zao, walikusanywa kwenye vijiji vya lazima. Kijiji chao kilikuwa palipo sasa uwanja wa soko. Handaki lililokizunguka, lililochimbwa na wakazi wenyewe na kusimikwa vijiti vilivyochongwa, limefukiwa, lakini mvua kubwa ikinyesha maji husimama kwenye mstari wake, na wauza nyanya wanajua kutopanga mali hapo. Wakati huo huo ardhi ilipimwa upya, vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa, hati zikatolewa. Mtu aliyeletwa kwa lori hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Hali ya Hatari ilipokoma Januari 1960 alishuka tena Ruiru, laini ile ile, na mwaka uliofuata mjukuu wake akazaliwa.

Shangazi alikuwa ameeleza nyumba ya kuulizia: jirani wa mpakani wa kile kijiji, aliyekuwa kijana wakati huo. Sasa amepita miaka tisini. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi za kupika, na hakusimama, lakini alitema mate kidogo viganjani akayapangusa kwenye mikono ya wageni, baraka ya wazee inayozidi kuwa adimu. Mwana wa marehemu alimwamkia kama anavyomwamkia babu yake, akamwita Guka. Baada ya chai mzee alishika fimbo akawaongoza hadi mwisho wa shamba lake.

Hapo palikuwa na mstari wa itoka. Hilo ni yungiyungi la majani mapana yenye kitunguu kizito ardhini. Huota hata likikatwa na kuchomwa, ndiyo maana Wakikuyu walilipanda mipakani, na kuling'oa kulikuwa kosa lililoweza kuvunja udugu. Upimaji wa miaka ya 1950 ulihamisha mipaka mingi. Itoka hizi, alisema mzee, hazikuambiwa. Zinakatiza sasa katikati ya shamba la chai la mtu mwingine, mafungu saba ya kijani kisichofanana na chai, na zamani upande wa juu ulikuwa wake na wa chini ulikuwa wa mbari ya marehemu. Mbari hiyo haipo tena hapa. Wengine walikwenda Bonde la Ufa, wengine mjini. Kaburi la kuonyeshwa halipo, kwa sababu zamani wengi hawakuzikwa bali walipelekwa kichakani, na waliozikwa hawakuwekewa jiwe.

Mwandishi alimuuliza kuhusu ng'ambo. Mzee alinyoosha fimbo kusini, juu ya bonde, kwa yule bibi wa jana. Yule wa ng'ambo, alisema, ni kijana wa mbari hiyo aliyevuka kwenda Kabete kwa uhoi na hakurudi. Kwa hiyo sentensi ya kijitabu ilikuwa sahihi popote iliposemewa.

Kisha akataka kijitabu. Hakuweza kukisoma, akasomewa ukurasa wa tatu, jina baada ya jina, naye akawa anakunja vidole. Baba wa marehemu alikuwa kifungua mimba? Ndiyo. Basi jina la aliyevuka mnalo tayari, alisema, ni hilo la baba. Mwana wa kwanza huitwa kwa babu yake mzaa baba. Baba wa marehemu aliitwa kwa aliyevuka, na mwana wa marehemu, aliyesimama hapo na viatu vya tope, aliitwa kwa baba huyo. Ndilo lililomtuliza bibi kizee. Na babu wa laini, alikuwa kifungua mimba naye? Shangazi aliwahi kusema ndiyo. Basi yeye aliitwa kwa baba wa aliyevuka, mwenye shamba hili, na jina hilo ndilo alilozikwa nalo marehemu. Majina mawili yalikuwa yakipokezana, moja juu, moja chini, ndani ya kijitabu kilichodhaniwa kukatika.

Mwana wa marehemu alitoa kalamu akaandika majina hayo pambizoni, kwa mpangilio, la tano likiwa la mwenye itoka. Aliuliza la sita. Mzee alitikisa kichwa. Aliyevuka hakuwa kifungua mimba, alikuwa mwana wa pili. Kaka yake ndiye aliyebaki na shamba. Mwana wa pili huitwa kwa babu mzaa mama, na mama huyo alitoka mbari nyingine, kwenye mgongo mwingine, ambao mzee aliuonyesha kwa fimbo bila kuutaja jina.